Vitabu vya Wakaldayo na Meza ya Mfalme

 

Hebu fungua Kitabu cha Danieli, sura ya kwanza. Vijana wa Kiyahudi wanachukuliwa mateka hadi Babeli, halafu wanawekwa darasani miaka mitatu kusoma maandishi na lugha ya Wakaldayo. Angalia kitu ambacho wengi tunakiruka. Danieli hakukataa masomo. Alikataa chakula cha meza ya mfalme na divai yake. Vitabu vya wapagani alivisoma, tena akawapita wenye vitabu.

Nimeyakumbuka haya kwa sababu ya binti mmoja wa kule Bulongwa, Makete. Amemaliza kidato cha sita, HGL, na amepata nafasi Doha, Qatar, kwenye tawi la Chuo Kikuu cha Georgetown. Chuo chenyewe ni cha Wajesuiti, kipo Washington tangu 1789; tawi la Doha lilifunguliwa 2005. Atasoma historia, falsafa, siasa, uchumi na lugha. Ukoo umekaa kikao. Baba yake mdogo, mwenye duka Makambako, ameuliza swali moja tu: “Ukimaliza utakuwa nani?”

Sitamcheka huyo mzee. UKIMWI ulipita vibaya Makete, watoto wengi wakabaki mikononi mwa bibi na baba wadogo. Ada ya binti huyu ilitoka kwenye viazi vya bibi na faida ya duka. Aliyelipa hivyo ana haki ya kuuliza. Daktari anaeleweka, mhasibu anaeleweka. Falsafa je?

Basi mwambieni baba mdogo habari za mtu anayemfahamu. Mwaka 1949 mwalimu mmoja Mkatoliki alikwenda Edinburgh, Uskoti. Wala hakusomea udaktari. Alisoma historia, uchumi, falsafa na fasihi ya Kiingereza, akarudi 1952 na shahada ya M.A. Aliporudi alijenga nyumba kwao Butiama, akakanyaga udongo wa matofali mwenyewe, kisha akaenda kufundisha Pugu, shule ya misheni. Baadaye alitafsiri Shakespeare kwa Kiswahili, na Injili akaziweka katika utenzi. Leo Kanisa linamwita Mtumishi wa Mungu, Julius Nyerere. Sisemi kila anayesoma falsafa atakuwa Nyerere, hapana. Nasema masomo yale hayakumzuia kukanyaga udongo.

Na hapo ndipo tunafika kwenye meza ya mfalme. Wengi wanadhani hatari ya binti huyu ni kuishi kwenye nchi ya Waislamu, au kusoma wanafalsafa wasiomjua Mungu. Mimi siogopi sana hayo. Imani inayokufa kwa kusoma kitabu kimoja ilikuwa inaumwa tangu Bulongwa. Naogopa meza. Meza ni pale unapoanza kuona aibu bibi akipiga simu wenzako wakisikia Kikinga. Ni picha unazotuma nyumbani zinazoonyesha maghorofa tu, hadi mdogo wako aliyeko shambani ajione si mtu. Meza huja taratibu, tena ina chakula kitamu.

Danieli alikuwa na dirisha. Sura ya sita inasema alifungua madirisha yaliyoelekea Yerusalemu, akapiga magoti mara tatu kwa siku, hata ilipokuwa kosa la kufa. Dirisha la Doha lipo. Kuna Kanisa la Mama Yetu wa Rozari, lililofunguliwa 2008, kanisa Katoliki la kwanza katika Qatar. Kwa kuwa Jumapili kule ni siku ya kazi, watu hujaa hasa Ijumaa. Na ni akina nani? Wahindi, Wafilipino, Waafrika: watunza watoto, wapishi, madereva, mafundi ujenzi. Kanisa la Ghuba ni kanisa la vibarua, ndugu zangu. Sasa fikiria: Jumatano uko darasani mnajadili haki na utu wa mtu, Ijumaa umepiga magoti kando ya dada wa Kenya anayefanya kazi za ndani, ambaye labda hajaona watoto wake miaka miwili. Ukimkimbia huyo dada ukakae na wanachuo wenzako peke yao, kuna somo umelikosa ambalo hakuna profesa atakufundisha. Kaa naye benchi moja. Muulize jina.

Nimemwambia binti jambo lingine, naye hakulipenda: asimdanganye baba mdogo. Wapo wanaosema nyumbani “nasomea biashara” ili kikao kiishe haraka. Usifanye hivyo. Mwambie unasoma historia na falsafa, mwambie kwa nini, na usimwahidi pesa ambazo hujui kama utazipata. Akikasirika, mwache akasirike, halafu rudi kesho yake na uombe akuwekee mkono kichwani kabla hujapanda basi. Safari ya namna hii haianzi bila baraka ya mkubwa wa nyumba.

Kikao cha pili ni Jumamosi hii. Ninyi mnaosoma hapa, tumtolee binti huyu fumbo moja la rozari. Na jingine tumtolee baba yake mdogo.