Naarden na Ahadi Aliyopewa Mwasi

Je, ahadi aliyopewa mwasi humfunga aliyeitoa? Desemba 1572 mji wa Naarden, Uholanzi, ulijisalimisha kwa jeshi la Don Fadrique, mwana wa Alba, gavana wa mfalme wa Hispania, wakazi wakiamini wameahidiwa kwamba maisha yao yangesalimika. Waliuawa karibu wote, mji ukachomwa moto. Mtetezi atasema kwamba aliyemwasi mfalme na Kanisa hana haki ya kudai uaminifu. Hoja hiyo inajivunja yenyewe: kati ya marafiki ahadi haina kazi kubwa, ni kwa adui ndipo inapohitajika, na ikitanguka hapo, vita havina mwisho ila maangamizi.

Mji wa Haarlem, uliokuwa njiani kwa jeshi hilo, haukuwa na sababu ya kuamini ahadi kama hiyo, nao ulistahimili kuzingirwa kwa takriban miezi saba. Mwingine atadai kwamba kulaani uvunjaji wa ahadi kwa sababu hiyo ni mahesabu ya faida tu, si maadili. Sikubali. Baada ya Naarden, hata kamanda mwenye huruma ya kweli asingesadikiwa kwa urahisi. Aliyevunja ahadi aliwafungia njia ya kuokoka watu ambao hata hakuwa amewaahidi chochote, na hiyo ni dhuluma, si kosa la mbinu.