Kuonwa si kusikilizwa

Ndugu msomaji, katika Qur'an Tukufu ipo sura nzima yenye jina la Shura, yaani kushauriana. Hebu tujiulize: kiongozi akijua kila kitu kuhusu watu wake kwa simu na kompyuta, je, atakuwa ameshauriana nao?

Tuchukue mfano wa Mwamgongo, kijiji cha wavuvi na wakulima mkoani Kigoma, kaskazini ya Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Picha za setilaiti za mwaka 1972 na 1999 zilionesha wazi jinsi milima nje ya hifadhi ilivyopoteza miti. Mradi wa TACARE wa Taasisi ya Jane Goodall, ulioanza mwaka 1994, ukawakalisha wanavijiji wa ukanda huo mbele ya picha za setilaiti, wakaonesha wenyewe mashamba yao, vyanzo vya maji na maeneo ya kuheshimiwa. Ndipo ikatoka mipango ya matumizi ya ardhi. Baadaye wanavijiji waliochaguliwa wakapewa simu, wakawa wanapita msituni na kurekodi miti iliyokatwa, mitego na moto.

Hili ni jambo jema. Mlima ukiwa mtupu, mvua hushusha udongo hadi ziwani, na anayepata hasara ni mkulima na mvuvi. Lakini wapo wanaouliza: kijana anayepiga picha kisiki kilichokatwa na jirani yake, si anafanya tajassus, upelelezi uliokatazwa katika Surat Al-Hujurat aya ya 12?

Kwa maoni yangu, sivyo. Kilichokatazwa ni kuchungulia aibu za watu zilizositirika. Msitu wa kijiji hausitiriki. Ni amana ya wote, na anayeulinda anatekeleza amana. Ila sura hiyohiyo, aya ya 6, inatutaka tuhakikishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Picha inaonesha kisiki, haioneshi nani kakata, wala kama alikata kwa tamaa au kwa kukosa kuni za kupikia wanawe. Hilo atalieleza mwenyewe akiitwa na kusikilizwa.

Hapa ndipo ilipo hatari. Kwa kuwa ramani haikosei sana, ni rahisi ofisi kuona kwamba kikao hakina haja. Tukumbuke Uhud. Mtume (s.a.w.) aliona bora kubaki Madina, wengi wakataka kutoka, akawakubalia. Yaliyotokea tunayajua. Pamoja na hayo, katika aya zilizoshuka kuhusu vita hivyo, Aal Imran 159, akaamrishwa awasamehe na aendelee kushauriana nao. Basi shura haikuwekwa kwa sababu watu hawakosei. Imewekwa kwa sababu jambo ni lao.

Sheria ya nchi nayo haiko mbali na hapo. Kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji haigawi ardhi ya kijiji bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji, na mkutano huo ni wa wakazi wote wazima, mwenye simu na asiye nayo. Tangu mwaka 2022 tunayo pia sheria ya kulinda taarifa binafsi.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa viongozi ni mwepesi. Kila kilichokusanywa kwa simu kisomwe kwanza mbele ya wanakijiji, kwa Kiswahili cha kueleweka, kabla ya kupelekwa wilayani. Mkutano uitishwe siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapokuwa nchi kavu. Na bibi asiyejua kusoma naye apewe nafasi ya kusema.

Mbele ya Mola wetu hatutaulizwa tulikuwa na simu ngapi. Tutaulizwa tuliitendaje amana.

Wallahu a'lam.