Aliyerudi na Wavu Mtupu

Anayetengeneza filamu kuhusu chemsha bongo ya wanafunzi ana shida asiyokuwa nayo mpiga picha wa harusi: hajui nani ataondoka na ushindi. Lazima achague wahusika mapema, awafuate hadi majumbani kwao, kisha asubiri majaliwa. Mwaka 1999 Mmarekani Jeffrey Blitz aliwafuata watoto wanane walioingia mashindano ya kitaifa ya tahajia nchini mwake. Mmoja wao akashinda. Filamu hiyo, Spellbound, ilitoka mwaka 2002, na uzito wake mkubwa umebebwa na wale saba waliobaki.

Niliikumbuka nikiwa Kashikishi, mji wa wavuvi wilayani Nchelenge, upande wa Zambia wa Ziwa Mweru, nilikokwenda kumsaidia rafiki kurekodi mashindano ya chemsha bongo ya shule. Wazambia wana utaratibu uitwao JETS, unaowakutanisha vijana wapenda sayansi na ufundi. Huanzia shuleni, wakapanda hadi wilaya, mkoa na taifa. Mtoto wa kule ziwani anayetamba wilayani anaanza kuziona Mansa, mji wa mkoa, na Lusaka, mji mkuu, kama miji inayomhusu.

Kutwa nzima kamera yetu ilimwinda mwenye mkono mwepesi. Timu zilizotolewa zilipita pembeni, zikisindikizwa na vicheko. Mtu mzima mmoja alimuuliza msichana, mbele ya kadamnasi, imekuwaje akashindwa swali jepesi vile. Msichana huyo alituomba jambo moja tu: tusimwonyeshe akilia.

Sasa teremka ufukweni. Chisense, dagaa wa Mweru, huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hupoteza nguvu, na mvuvi anaweza kukesha asipate kitu. Kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari uvuvi hufungwa kisheria ili samaki wazaliane, na familia hujibana. Pale sokoni, ambapo Kibemba hukutana na Kiswahili cha wachuuzi waliovuka kutoka Kilwa na Pweto, upande wa Kongo, sikumsikia mtu akimsuta aliyerudi na wavu mtupu. Alipewa pole, yakazungumzwa ya upepo na mwezi, wavu ukashonwa. Usiku uliofuata alitarajiwa majini.

Kwa nini ustaarabu huo haufiki darasani? Nadhani ni kwa sababu tunaamini ziwa lina bahati yake, ilhali mtihani ni juhudi tupu. Si kweli. Katika chemsha bongo, swali la umeme laweza kumwangukia mtoto ambaye shule yake haina maabara, na lile la wadudu likamwangukia jirani yake aliyelisoma jana. Elimu ipo, juhudi ipo, na bahati nayo imekaa mezani pamoja nao.

Hasara ya kicheko huonekana baadaye. Baadhi ya mashindano hukata alama kwa jibu baya, na kicheko huongeza adhabu ya pili, hivyo mshiriki mwenye wasiwasi hujifunza kwamba kunyamaza ni salama. Kwenye meza ya mashindano hiyo ni hesabu nzuri. Akiibeba hadi ukubwani, tutakuwa na nesi anayeona dozi imekosewa akakaa kimya, na mjumbe wa kikao anayejua hesabu hazijakaa sawa akasubiri mwingine aseme. Kisha tutashangaa kwamba watu wetu hawathubutu, wakati sisi wenyewe tuliwatoza faini walipojaribu.

Tulipokaa kuhariri, rafiki yangu alisikitika kuyapoteza machozi yale, maana yalikuwa picha yenye nguvu kuliko zote. Tuliyaondoa, ombi la mtoto ni ombi. Lakini nilimsihi asikate kipande kinachoonyesha watazamaji wakicheka, wakubwa kwa wadogo, nyuso zao zikiwa wazi kabisa. Kama aibu ni lazima ionekane kwenye filamu hii, na iwe ya waliocheka.