KIJANA, TALANTA MOJA SI PESA KIDOGO



Mpendwa kijana, neno la leo ni kwa ajili yako wewe unayetaka kujiajiri. Labda umemaliza chuo, vyeti viko kwenye bahasha na barua za kuomba kazi hazijibiwi. Labda uliishia kidato cha nne na una wazo lako la kufuga kuku, kufungua saluni au kuuza nafaka sokoni. Wazo unalo. Tatizo, unasema, ni mtaji.

Basi chukua Biblia yako, fungua Mathayo 25:14-30, Injili tunayoisoma Jumapili ya 33 ya Mwaka A. Unaijua: bwana mmoja anasafiri, anawaachia watumishi wake watatu mali yake. Mmoja talanta tano, mwingine mbili, mwingine moja. Wawili wa kwanza wanafanya biashara na kupata faida. Wa tatu anachimba shimo na kuifukia.

1. Hakuna aliyepewa kidogo

Tukisikia "talanta moja" tunamhurumia yule mtumishi wa tatu. Masikini, kapewa kimoja tu! Sasa tupige hesabu. Talanta moja ilikuwa kama dinari 6,000, na dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, kama tunavyoona kwenye mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu (Mt 20). Ukihesabu siku 300 za kazi kwa mwaka, talanta moja ni jasho la miaka 20. Tuseme kibarua wa kwetu analipwa shilingi 10,000 kwa siku: hiyo ni milioni 60. Yule jamaa alifukia milioni 60 ardhini!

Kumbe tatizo lake halikuwa udogo wa alichopewa. Tatizo lilikuwa macho yake kwenye talanta za jirani. Na ukisoma vizuri aya ya 21 na ya 23, utaona aliyeleta talanta kumi na aliyeleta nne wanapokea sifa ile ile. Bwana hakuwalinganisha wao kwa wao. Kila mmoja alipimwa kwa kile alichokabidhiwa.

Kwa hiyo, kabla ya kusema sina mtaji, kaa chini uhesabu. Una afya? Unajua kushona, kusuka, kutengeneza simu, kuendesha bodaboda? Una shangazi mwenye robo eka isiyolimwa? Watu wanakuamini? Uaminifu ni mtaji ambao benki haiwezi kukukopesha. Vilevile fahamu haki zako: sheria yetu Tanzania inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Umeshawahi kwenda kwa afisa maendeleo wa kata yako kuuliza? Au umeona ni rahisi zaidi kukimbilia mkopo wa kausha damu?

2. Hofu ndiyo iliyochimba shimo

Msikilize mtumishi wa tatu akijitetea. Anasema alimjua bwana wake kuwa mtu mgumu, akaogopa. Hapo ndipo penye ugonjwa wenyewe. Alikuwa na picha mbaya ya bwana wake, na picha hiyo ikamfunga mikono. Bwana anayemwachia mtumishi jasho la miaka 20 bila dhamana ni mtu mgumu kweli?

Vijana wengi tunamwogopa Mungu namna hiyo. Tunadhani anatuvizia tukosee. Tunajiuliza: nikianzisha halafu ikifa? Watu watasemaje? Ona jambo moja katika Injili hii: hakuna mtumishi aliyejaribu akapata hasara. Yesu hakutupa mfano huo, nami siwezi kuuongeza. Lakini ninachokiona wazi ni kwamba aliyekemewa siye aliyefanya biashara ikamshinda. Aliyekemewa ni yule ambaye hakuthubutu kabisa.

Ila tusichanganye mambo. Kuthubutu si kubeti. Kuweka ada ya mdogo wako kwenye mkeka wa mechi kumi na kusema "natembea kwa imani" si imani hiyo. Wala kumtumia mtu usiyemjua elfu hamsini kwa simu kwa sababu ameahidi kukurudishia laki tano si uwekezaji. Wale watumishi wawili walikwenda wakafanya kazi, na Injili inasema bwana alirudi baada ya muda mrefu. Muda mrefu, ndugu yangu! Si baada ya dakika tisini.

3. Hamasa inapoa, fadhila inabaki

Siku hizi hamasa ziko kila mahali. Unasikiliza video asubuhi, damu inachemka, unaona leo leo unakuwa tajiri. Kufikia saa nane mchana umepoa kama uji wa jana. Si kwamba hamasa ni mbaya. Ni kwamba hamasa ni hisia, na hisia huja na kuondoka.

Mwanafalsafa Aristotle alifundisha kwamba fadhila huzaliwa kwa mazoea. Mtu huwa fundi kwa kufanya ufundi, na huwa jasiri kwa kutenda ya ujasiri tena na tena. Kanisa limeipokea hekima hiyo. Mtakatifu Thoma wa Akwino anaiweka busara mbele ya fadhila nyingine za maadili, na anasema ina hatua tatu: kutafuta shauri, kuamua, na kutenda. Zitazame hatua hizi kwa jicho la mjasiriamali.

Kutafuta shauri: nenda kwa anayefanya biashara hiyo, keti naye, uliza. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Yesu mwenyewe katika Luka 14:28 anamsifu anayekaa kwanza kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Kuamua: ukishasikia ya watu, chuja, chagua moja. Usiwe wa kuku leo, nyanya kesho, urembo keshokutwa. Kutenda: na hapa ndipo wengi tunakwama. Thoma anaona hatua hii ndiyo kilele cha busara. Mtu mwenye mipango mizuri isiyoanza bado hajawa na busara, hata kama anaongea vizuri vikaoni.

4. Chuma ulete ni nani?

Tuingie sokoni sasa. Chukua kijana anayeuza maharage. Ananunua gunia la kilo 100 kwa 200,000. Usafiri 10,000, ushuru na meza 5,000. Jumla 215,000. Kilo mbili zinapotea kwa uchafu na kumwagika, anauza 98 kwa shilingi 2,600 kila kilo, anapata 254,800. Faida ni 39,800, na gunia limekwisha kwa siku kumi. Yaani faida yake haifiki 4,000 kwa siku.

Lakini kila siku anachomoa 5,000 kwenye droo: chai, chipsi, bando, nauli. Kwa siku kumi ni 50,000. Amekula faida yote na 10,200 ya mtaji juu yake. Gunia linalofuata hawezi kulinunua lote. Baada ya miezi michache meza imebaki tupu, naye anasema kuna mtu anamfanyia chuma ulete, pesa zinaondoka kimazingara. Anaanza kutafuta mganga, au anatafuta mafuta na chumvi za kumwaga mlangoni.

Ndugu yangu, chuma ulete ni mkono wako mwenyewe! Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua daftari kabla hujafikiria mchawi. Andika kilichoingia, andika kilichotoka, na ujipangie posho yako ndogo kama unavyompangia mfanyakazi. Mwanamke hodari wa Mithali 31 anatafakari shamba kabla ya kulinunua, anatengeneza nguo na kuwauzia wafanyabiashara. Sifa yake ya kumcha Mungu inatajwa pamoja na hesabu zake, hazigombani.

Na kuomba? Tuombe, tena sana. Tutolee Misa kazi zetu. Ila sala haikufundishi kutoa na kujumlisha wakati Mungu ameshakupa akili ya kufanya hivyo.

5. Kisado kilichogongwa kitako

Kijana mmoja baada ya kikao cha VIWAWA aliniuliza: "Frateri, sokoni kwetu visado vyote vimegongwa kitako viingie ndani. Mimi nikipima kisado kizima, bei yangu inakuwa juu, wateja wanakwenda kwa jirani. Nina mama mgonjwa nyumbani. Nifanyeje?"

Hili ni swali zito, na halistahili jibu la haraka. Wengi wangemjibu: uwe mwaminifu tu, wateja watarudi. Mara nyingi ni kweli. Mteja akifika nyumbani akapima upya, anakumbuka. Lakini tuseme ukweli, si mara zote. Mwanafalsafa Immanuel Kant, mwaka 1785, alitoa mfano wa mwenye duka anayemuuzia hata mtoto mdogo kwa bei ya haki, lakini anafanya hivyo kwa sababu tu inalinda biashara yake. Kant aliona kwamba huyo bado hajatenda kwa ajili ya wema wenyewe. Nami naongeza: uaminifu unaotegemea faida utakufa siku ile faida inapokuwa upande wa udanganyifu.

Maandiko hayana kona hapa. Mithali 11:1 inasema mizani ya udanganyifu ni chukizo kwa Bwana. Kumbukumbu la Torati 25 linakataza kubeba mfukoni mawe mawili ya kupimia, moja zito na moja jepesi. Nabii Amosi (8:5) anawakemea wanaopunguza kipimo na kuongeza bei kwa pamoja. Na anayepunjwa kwa kisado kilichogongwa ni nani? Si tajiri, huyo ananunua gunia. Ni mama anayenunua kisado kimoja ili watoto wale wiki nzima. Naye labda ana mgonjwa nyumbani.

Kwa hiyo nilimwambia: pandisha bei waziwazi kama huna budi, lakini usishushe kipimo kwa siri. Bei mteja anaiona, anaweza kukubali au kuondoka. Kitako cha kisado hakioni. Tumia mzani uliohakikiwa, uuze kwa kilo, weka bango lisomeke. Ungana na wenzako wawili watatu mnunue mzigo pamoja shambani, gharama ishuke. Huenda bado utapata kidogo kuliko jirani. Huo ni msalaba wa kweli, sitakudanganya kwamba ni mwepesi. Ndiyo maana tunahitaji jumuiya. Wanajumuiya wakijua kuna kijana wao anayepima kwa haki, wakanunue kwake! Kusali pamoja Jumamosi halafu tukamwacha afunge meza peke yake, hiyo jumuiya inakuwa ya jina tu.

Katika Luka 6:38 Yesu anachora picha ya muuza nafaka: anajaza kipimo, anashindilia, anatikisa, anaongeza hadi inamwagika kwenye nguo ya mnunuzi. Ndivyo Mungu anavyotupimia. Halafu anatuonya kwamba kipimo tunachopimia ndicho tutakachopimiwa. Fikiri kidogo: siku ya mwisho ungependa Mungu ashike kisado gani?

Wiki hii ufanye nini?

Andika talanta zako kwenye karatasi, usiandike za jirani. Mtafute mtu mmoja anayefanya kazi unayoitaka, umuulize maswali matatu. Nunua daftari. Kama tayari unauza, kagua kipimo chako. Na Jumapili funga meza, uende Misa, upumzike. Biashara isiyoweza kukuachia saa chache za Bwana imeshakuwa bwana wako.

Mwaka 1955 Papa Pio XII aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Mkombozi wetu alikulia karakana, mikono yake iliujua mbao na jasho. Hadharau kazi yako ndogo.

Tusali: Ee Bwana, wewe umetukabidhi mali yako bila kutuomba dhamana. Tuondolee hofu inayochimba mashimo. Utupe busara ya kuanza, uvumilivu wa muda mrefu, na mkono usiopunja. Utakaporudi, utukute kazini. Kwa njia ya Kristo Bwana wetu. Amina.

Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi, utuombee!