Je, Mwenye Njaa Lazima Ajulikane?



Vijana wetu wa hapa Mabibo wametuletea shauri. Wanataka kutengeneza programu ya simu itakayomwonyesha mzazi asiye na kitu mahali panapotolewa chakula bure siku ile: soko gani lina ndizi zilizobaki, nyumba gani imemaliza shughuli na sufuria la pilau halijaisha, kanisa lipi au msikiti upi umepika. Wawili kati yao wamesomea kazi hiyo, nao hawaombi mshahara, ila ridhaa ya wazee na fedha kidogo za kuanzia. Tulipoulizwa maoni yetu siku ya kwanza tulifurahi tu, hatukufikiri. Maswali yalianza siku ya pili.

Kwamba chakula cha kugawa kipo, hilo halina ubishi. Apitaye jioni katika soko letu la ndizi, lile liitwalo Mahakama ya Ndizi, hujionea mwenyewe. Mikungu hushushwa kutoka Mbeya na Kilimanjaro, na ndizi haimngoji mtu; iliyoiva mno leo, kesho ni ya jalalani. Nyanya ndiyo haisemeki. Na hatua chache kutoka hapo kuna nyumba ambamo watoto wamelala kwa uji usio na sukari. Kinachokosekana ni habari ya kumfikia mtu kwa wakati, na simu ni chombo cha habari. Mpaka hapo vijana wana haki.

Taabu ilikuwa katika karatasi yao ya kwanza. Kila familia itakayotaka kusaidiwa ilipaswa kuandikisha jina la baba na mama, idadi ya watoto, kipato cha mwezi, na nyumba inapokaa, kisha mjumbe athibitishe kwamba kweli ni maskini. Tukawauliza, ya nini yote hayo? Wakajibu, ili wajanja wasiingie.

Basi tuwaeleze habari ya mama mmoja tunayemfahamu, ambaye hatutataja anakoishi. Akina mama wa kanisa walipopika makande na kuyagawa bure, yeye hakuja, ingawa tulijua vema hali ya nyumba yake. Mmoja wetu alipomwuliza kwa upole, alijibu, “Ningekuja kama mngekuwa mnapika Manzese.” Hakutukasirikia. Alikuwa tayari kuvuka Barabara ya Morogoro kwa miguu, na mtoto mgongoni, apange foleni mahali asipojulikana, kuliko kushika sahani mbele ya watu ambao watoto wao wanasoma darasa moja na wa kwake. Wako watakaosema hicho ni kiburi. Sisi hatuoni hivyo. Mtu aliyepoteza kazi, mume na akiba bado anayo heshima yake, na hiyo ndiyo tuliyokuwa tukimdai kama bei ya makande.

Programu za namna hii si ngeni duniani. Ile iitwayo Olio ilianzishwa Uingereza mwaka 2015 na wanawake wawili, Tessa Clarke na Saasha Celestial-One. Bibi Clarke alikuwa akihama kutoka Uswisi, akabaki na chakula ambacho wapakizi wa mizigo hawakukubali kukichukua; hakuwa radhi kukitupa, akatoka nje kumtafuta wa kumpa. Angalieni mwanzo wake: anayejitangaza ni mwenye chakula. Yeye ndiye anayeweka picha ya mkate wake, na mwingine hujibu tu kwamba anakuja. Hakuna anayemwuliza kama ana njaa. Karibu na kwetu, nchini Kenya, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani lilianza mwaka huo huo wa 2015 mpango wa Bamba Chakula kwa wakimbizi wa Kakuma. Ni kweli kwamba wakimbizi wale wameandikishwa. Lakini sehemu ya posho yao ilianza kuja kwa simu, na mtu akaenda dukani kuchagua maharage au unga kama mnunuzi mwingine yeyote.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali. Mwezi wa Ramadhani majirani zetu Waislamu hutandika mikeka na kuweka futari, na aketiye anakula, awe msafiri, fundi au tajiri aliyechelewa kufika nyumbani. Nasi wenyewe tunayo habari ya Ruthu. Torati ilimwamuru mwenye shamba asivune pembe zote, bali awaachie maskini na mgeni, pasipo kumpa kazi ya kuwapima. Naye Boazi alifanya zaidi: aliwaagiza wavunaji wadondoshe masuke makusudi mbele ya yule mwanamke, wala wasimkemee. Ruthu akarudi kwa mkwewe na shayiri aliyoiokota kwa mikono yake.

Hoja ya wajanja, hata hivyo, haifai kudharauliwa. Atatokea mtu na pikipiki na gunia, achukue ndizi zote akaziuze Kariakoo. Tulipolisema hilo kikaoni, mzee mmoja alicheka. Anaikumbuka miaka ya 1970 na 1980, unga wa njano tuliouita yanga, foleni za duka la kaya na majina ya mjumbe. “Orodha haikuwazuia wajanja,” alisema, “wajanja ndio walioandikwa kwanza.” Fedha za serikali, kama zile za TASAF za kunusuru kaya maskini, zina sababu ya kutaka majina na mkutano wa mtaa, kwa kuwa ni mali ya umma na hutolewa tena na tena. Sahani ya pilau haifikii hapo.

Tena orodha ya wenye njaa si kitu cha kuchezea. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inambana kila akusanyaye habari za watu. Na picha moja ya orodha ile ikirushwa katika kundi la WhatsApp la mtaa, hakuna padri wala polisi atakayeirudisha.

Kwa hiyo tuliwashauri waigeuze karatasi yao. Waandikishwe watoaji: jina, mahali, chakula gani, kimepikwa saa ngapi (maana pilau ya mchana ikilala katika joto la Dar es Salaam si sadaka tena). Mlaji asiulizwe neno. Na kwa kuwa mwenye shida ana kitochi, hana bando, atafute habari kwa nyota na reli, kama anavyotuma fedha. Wajanja wachache watakula. Tumekubali hasara hiyo kwa macho wazi.

Limebaki jambo moja ambalo hatukulimaliza. Mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani hawezi kufuata sufuria. Lazima ajulikane na mtu. Tulibishana mpaka taa zikazimwa. Wengine walitaka awemo katika programu kwa namba tu, wengine walisema ajulikane na yule mmoja anayembishia hodi, basi. Sisi tunaegemea upande wa pili, ingawa mbisha hodi naye huhama, na huugua.

Vijana wamerudi na karatasi mpya. Inamwuliza mlaji swali moja tu: uko karibu na wapi? Tumewaomba wamwachie nafasi ya kuchagua mahali pengine apendapo, na watafute mpishi wa kwanza upande wa Manzese.