Yesu Humponya Mtu Mzima

Neno la msingi: Marko 5:25-34
Soma pia: Walawi 15:25-27, Mathayo 4:24, 1 Wafalme 19:4-8



Jumapili tulisimama kwenye habari ya mama mmoja ambaye Biblia haikutupa hata jina lake. Tunachojua ni kwamba alitokwa na damu miaka 12, akazunguka kwa matabibu wengi, pesa zikaisha zote, na badala ya kupata nafuu akazidi kuwa mbaya.

Wengi hapa Marungu wanamwelewa mama huyu bila kuhubiriwa. Kichwa kinauma kila wiki. Mgongo unawaka. Miguu inachoma usiku, moyo unapiga mbio, na asubuhi unaamka na uchovu ule ule uliolala nao. Umepimwa malaria, hakuna. Taifodi, hakuna. Picha imepigwa, iko sawa. Unaambiwa, "Mama, huna ugonjwa." Nyumbani wanaanza kusema unajifanya. Na hata kanisani, tuseme ukweli, kuna anayenong'ona kwamba imani yako ni ndogo.

Neno la leo ni lako.

1. Maumivu yako ni ya kweli

Kipimo kikisema "hakuna", kinasema tu kwamba kile kilichotafutwa hakikuonekana. Kipimo cha malaria hutafuta malaria. Hakiwezi kukuambia kama damu yako imepungua, kama tezi ya shingo inafanya kazi polepole, ama kama ni brusela uliyoipata kwa maziwa yasiyochemshwa. Na sisi ni watu wa ng'ombe na mbuzi! Brusela huleta homa ya kuja na kwenda, jasho la usiku, viungo kuuma na uchovu wa miezi. Mtu anaweza kunywa dawa za malaria mara tatu, mara nne, na ugonjwa wenyewe haujaguswa.

Tena yako maumivu ambayo hata baada ya kupimwa vizuri, jeraha halionekani. Hayo nayo si ya uongo. Fikiria mbwa wa boma lililovamiwa na ndovu usiku. Ndovu wamerudi Tsavo, lakini mbwa yule sasa anabweka hata jani likianguka. Mbwa hadanganyi. Ameshtuka, na masikio yake yamekuwa makali kupita kiasi. Mishipa ya fahamu nayo hufanya hivyo baada ya ugonjwa mrefu, hofu, msiba ama kukosa usingizi: inapiga kelele ya maumivu kwa kitu kidogo. Kumfokea mbwa hakumtulizi. Kumwambia mgonjwa "ni mawazo yako tu" pia hakumponyi.

2. Yesu hakuishia kwenye damu

Fuata mistari pole pole. Mstari wa 29, damu inakauka na mama anajua mwilini mwake kwamba amepona. Sasa si aende nyumbani? Lakini mstari wa 30 Yesu anasimama. Yairo anangoja, binti yake yuko karibu kufa, wanafunzi wanashangaa, na Yesu bado amesimama njiani anamtafuta mtu mmoja.

Kwa nini? Kwa sababu damu haikuwa shida yake yote. Kwa sheria ya Walawi 15, kitanda alicholalia kilikuwa najisi, kiti alichokalia najisi, na mtu aliyevigusa naye najisi. Ni miaka 12 ya watu kukuepuka! Mwili ulikuwa umepona, lakini mama alikuja anatetemeka. Hofu ilikuwa bado ndani. Yesu akamngoja mpaka akasema yote, kisha akamwita binti mbele ya umati, akamruhusu aende kwa amani. Mwili, hofu, aibu, umaskini, upweke, imani: Bwana aliyaona yote ndani ya mtu mmoja.

Madaktari nao wanasema jambo la karibu na hilo. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika 1948, inahesabu afya kuwa uzima wa mwili, wa akili na wa maisha kati ya watu, si kukosa ugonjwa peke yake. Na mwaka 1977 daktari Mmarekani, George Engel, aliwasihi wenzake wasiangalie kiungo kimoja tu, bali mwili, moyo na mazingira ya mgonjwa pamoja.

Hebu tujiangalie. Kati ya 2020 na 2022 mvua ilitukosa msimu baada ya msimu, na mifugo ikafa machoni petu. Kuna baba anakesha shambani kufukuza ndovu, halafu saa kumi na mbili anaanza kibarua. Kuna mama anabeba mtungi wa maji huku kichwani amebeba karo na deni la chama. Kuna mtu alizika mtoto na hajawahi kulia vizuri. Usishangae shingo ikikaza na tumbo likivurugika. Mwili hauishi nyumba moja na moyo nyingine.

3. Si kila kitu ni pepo

Sisi tunaamini pepo wako, na kwa jina la Yesu wanatoka. Amina? Lakini soma Mathayo 4:24. Wagonjwa, wenye pepo, wenye kifafa na waliopooza wametajwa kila mmoja kwa nafasi yake. Yesu aliwaponya wote, ila Neno halikuwaita wote jina moja.

Nyanya zetu hapa Taita walijua kitu kinaitwa saka: mke wa mtu anatetemeka, anapotewa na fahamu. Mtafiti Mmarekani, Grace Harris, alikaa Taita mwanzoni mwa miaka ya 1950, na mwaka 1957 akachapisha alichokiona. Saka iliwashika hasa wanawake walioolewa, na mara nyingi iliamshwa na vitu ambavyo mwanamke hangeweza kujipatia mwenyewe, vitu vya pesa na vya ulimwengu wa wanaume. Sikuhukumu kila aliyeshikwa. Nauliza tu: nyuma ya kutetemeka kule, nani aliwahi kukaa chini akamsikiliza mama yule? Kabla hujakemea, sikiliza. Yesu alisikiliza.

4. Wiki hii tufanye nini?

Andika habari yako yote: imeanza lini, inazidi saa ngapi, unalala saa ngapi, unakula nini, dawa gani unakunywa, na nini kilitokea nyumbani wakati ule. Ipeleke kwa mhudumu wa afya ya jamii ama dispensari. Wakikuandikia rufaa kwenda Hospitali ya Moi pale Voi, nenda. Ukikonda bila sababu, homa ikikaa, damu ikitoka isivyo kawaida, kifua kikikubana ama upande mmoja ukilegea, usingoje Jumapili. Nenda leo.

Usimeze dawa za maumivu kila siku bila ushauri. Zinaweza kuumiza tumbo na figo, na hata kuzidisha kichwa. Na umeombewa presha ama sukari? Utukufu kwa Mungu! Endelea na dawa mpaka daktari apime na aseme. Uponyaji wa Mungu hauogopi kipimo.

Kisha mkumbuke Eliya. Alikuwa amechoka mpaka akaomba kufa. Kabla ya neno lolote kubwa, Mungu alimpa usingizi, mkate na maji, halafu usingizi tena, na chakula tena. Kulala, kula na kupumzika si ukosefu wa imani. Na ukifika pale Eliya alipofika, pa kutamani kufa, usinyamaze. Mwambie mchungaji, mwambie daktari, mwambie mtu leo leo.

Nasi tulio wazima, tuache swali la "Bado hujapona?" Tumchotee maji. Tumsindikize kliniki. Tukae naye.

Tuombe: Bwana Yesu, wewe uliyesimama njiani kwa ajili ya mtu mmoja, simama na kwetu. Gusa mwili, tuliza moyo, rudisha usingizi, ondoa aibu. Wape madaktari hekima, nasi utupe masikio ya kusikiliza. Amina.

Kwa vikundi vya nyumbani:
1. Mama huyu alipoteza nini zaidi ya damu?
2. Ni nani kikundini kwetu tumeacha kumuuliza hali yake kwa sababu ameugua muda mrefu? Tutamtembelea siku gani?