Bima ya Gari ni Haki ya Mtu Usiyemjua

Vijana wengi wakishapata leseni, hesabu zao huishia kwenye gari. Kijana amejibana, ndugu wamechangia, IST imetoka bandarini, ushuru umelipwa na namba zimefungwa. Ikifika zamu ya bima, mfuko umekauka na hamu ya kuingia barabarani imepanda. Hapo ndipo linapokuja swali ninaloulizwa mara kwa mara na waliofuzu juzijuzi: "Bima ya bei poa napata wapi, ilimradi trafiki asinisumbue?"

Kutafuta bei poa hakuna ubaya. Kijana anayeanza maisha ana haki ya kuuliza, kulinganisha na kuomba kupunguziwa. Kosa limo kwenye kile kipande cha mwisho. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inamlazimisha kila mwenye gari Tanzania Bara kuwa na walau bima ndogo, na sababu yake ni yule mtu ambaye gari lako linaweza kumuua au kumjeruhi. Trafiki anaikagua tu. Mwenyewe hasa wa bima hiyo ni mtu ambaye bado hujakutana naye.

Mfikirie mama lishe wa Mbagala anayevuka barabara alfajiri, ndoo ya unga kichwani, akiwahi kuwasha jiko. Hukumkusudia, lakini umemgonga. Paja limevunjika. Polisi wametoa PF3, hospitali ya kwanza imempa rufaa kwenda taasisi ya mifupa pale Muhimbili, amewekewa chuma, na kwa miezi kadhaa hatasimama jikoni. Jiko lile ndilo lililokuwa likilipa kodi ya chumba na daftari za watoto. Bima yako ikiwa hai, yupo wa kudaiwa na kulipa. Ikiwa ya kughushi, amebaki na PF3 yake mkononi, na wewe huna cha kumpa hata ukifikishwa mahakamani. Anayeendesha na bima feki amemdhulumu mwenzake kabla hawajaonana. Ndivyo ninavyoamini, na ndiyo sababu ninaliandika jambo hili kama suala la uadilifu.

Tuseme sasa habari ya fedha, maana nasaha isiyotazama mfuko wa mtu haimsaidii. Kwa miaka mingi bima ndogo ya gari binafsi imekuwa shilingi 118,000 kwa mwaka, yaani laki moja ya bima na 18,000 za VAT. Ukigawanya kwa miezi kumi na miwili, haifiki elfu kumi kwa mwezi. Bima kubwa, inayolinda na gari lako mwenyewe, imezoeleka kukokotolewa kwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari. Gari la milioni 15 linatoka 525,000 kabla ya kodi. Hapo ndipo kijana anapotakiwa kuamua kwa kichwa kilichotulia. Kama gari ni la mkopo, au likiharibika huna namna ya kulitengeneza, jinyime ukate bima kubwa. Kama ni Vitz ya zamani uliyoinunua mkononi kwa fedha kidogo, bima ndogo halali inakutosha, na hupaswi kuona aibu.

Njia halali za kupunguza gharama zipo. Nunua gari dogo lenye vipuri vinavyopatikana, kwa kuwa thamani ya gari ndiyo inayopandisha bei ya bima kubwa. Omba bei kwa kampuni tatu au nne, pamoja na benki yako, kwani benki nyingi siku hizi ni mawakala wa bima. Uliza kiasi utakachobeba mwenyewe ajali ikitokea, kile mawakala wanachokiita ekses. Baadhi ya mikataba humwongezea dereva mwenye umri mdogo au leseni changa, na ni heri ulijue hilo siku ya kulipa kuliko siku ya ajali. Kisha endesha kwa adabu, kwa sababu mwaka ukipita bila kudai fidia unaweza kupewa punguzo unapokata upya bima kubwa. Kuwa mpole barabarani ni akiba.

Jihadhari na vishoka, wale wauzaji wa bima feki. Utamkuta mmoja karibu na yadi za magari au nje ya ofisi za serikali, mwavuli juu, kompyuta mpakato na printa ndogo mezani, ulimi wake mtamu. Atakwambia bima ya 118,000 anakufanyia kwa elfu sitini, umtumie kwenye simu yake na karatasi unaipata hapohapo. Rahisi huvunja upishi. Mtu anayekuuzia kwa nusu ya bei kitu ambacho kampuni zote zinakiuza kwa bei ya kukaribiana, jiulize hiyo nusu nyingine anailipa nani. Mara nyingi hailipwi na yeyote, kwa sababu hakuna bima.

Kumtambua ni kazi ya dakika chache. Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, TIRA, ina mfumo wa mtandaoni unaoitwa TIRA MIS, ambamo stika za bima huhakikiwa. Ingiza namba ya gari kabla hujaondoka mbele ya aliyekuuzia. Soma kila mstari: jina la kampuni, aina ya bima, tarehe ya kuanza na ya kuisha, matumizi ya gari. Namba ya chasisi iwe ileile iliyo kwenye kadi ya gari. Kisichokuwemo kwenye mfumo hesabu kwamba hakipo, hata karatasi iwe na mihuri mitano. Lipa kwa njia inayoonyesha jina la kampuni au wakala aliyesajiliwa, wala usitume fedha kwa namba binafsi ya mtu, na risiti uitunze. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Na kama gari umelinunua mkononi, usijidanganye kwamba bima ya mwenye gari wa zamani inakulinda. Mkataba ule ulikuwa wake. Badilisha umiliki, kisha kata bima kwa jina lako.

Lipo jambo lingine ambalo watu waadilifu kabisa huliingia bila kushtuka. Bima inaweza kuwa halali na mwenyewe akawa mwongo. Kijana anaandika kwamba gari ni la matumizi binafsi, jioni anawasha programu ya simu na kubeba abiria wa kulipa. Hapo amevunja mambo mawili: bima yake ni ya gari binafsi, na leseni ya daraja D haimruhusu kubeba abiria kwa biashara, kwa kuwa hiyo ni kazi ya daraja C. Mwingine anapunguza thamani ya gari ili alipe kidogo. Gari la milioni 15 analiandika milioni 10, kisha likipata hasara ya milioni 3 anashangaa kampuni inapomlipa milioni 2 kwa uwiano ule ule alioukata mwenyewe. Mkataba wa bima husimama juu ya ukweli wa anayeomba kuliko mikataba mingi tunayoifahamu, kwa sababu kampuni inapanga bei kwa maneno yako. Njia ya mwongo ni fupi, na kwenye bima huishia mezani kwa mkaguzi wa ajali.

Wazazi nao wana sehemu yao. Baba anayeliandikisha gari la mwanawe kwa jina lake mwenyewe na kuacha kutaja kwamba dereva wa kila siku ni kijana wa miaka 19, anamfundisha kwamba fomu ni mahali pa kudanganyia. Mama anayempa mwanawe fedha za rimu mpya na kumwambia "bima utajua mwenyewe" amemfundisha nini kinatangulia. Ukimchangia kijana gari, anza kumchangia bima. Kaeni pamoja mjaze fomu, umwache yeye mwenyewe ajibu kila swali kwa ukweli, kisha atie sahihi.

Kijana wangu, ukitendewa isivyo haki na kampuni, usikimbilie kusema bima zote ni wizi. Dai kwa maandishi, na ukikwama ipo TIRA na yupo Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Lakini huwezi kudai haki kwa mkataba ulioupata kwa hila.

Andika tarehe ya kuisha kwa bima kwenye simu yako, na anza kuweka akiba ya mwaka ujao mwezi huuhuu. Siku ikifika na fedha haijatimia, liegeshe gari upande daladala mpaka uipate. Utachelewa kazini siku kadhaa na marafiki watakutania. Vumilia. Kuendesha gari ni ruhusa uliyopewa na watu wote unaopishana nao barabarani, na asiyeweza kuwalipa akiwaumiza hajawa tayari kuwasha injini.